Kuli wa Maziwa: Mwaka wa Tatu na Docker, Tanga

Docker, chombo cha kufungasha programu ili iwake popote vile vile ilivyowaka kwako, naitumia mwaka wa tatu sasa, kwa kazi moja tu: kuandika maziwa. Kila alfajiri wafugaji wanateremsha keni zao kwenye vituo vitatu, kimoja njia ya Pongwe na viwili upande wa Muheza. Karani anachovya laktomita, anapima lita, anabonyeza simu, na mfugaji anapata ujumbe mfupi wa lita zake. Mfumo ukilala kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi, mimi ndiye ninayepigiwa simu. Ukilala baada ya hapo, hakuna anayejua mpaka kesho yake. Kwa hiyo haya ni mapitio ya mtu mwenye seva moja (kompyuta ya kukodi mtandaoni), wateja wachache, na saa tatu za roho mkononi kila siku. Mwenye benki asome kwingine.

Zamani nilikuwa napandisha kazi kwa mkono. Nabadilisha faili kwenye laptopu, nafungua programu ya FTP, naburuta faili moja moja mpaka kwenye seva. Mtu wa Tanga atanielewa nikisema ilikuwa kazi ya matishari. Miaka yote meli kubwa zilitia nanga mbali kule ghubani, mzigo ukashushwa kwenye tishari, tishari likavutwa mpaka gatini, na mzigo ukapakuliwa mara ya pili. Kila mkono unaougusa ni nafasi nyingine ya kitu kuvunjika au kupotea. Mpaka bandari ilipochimbwa kina kutoka mita 3 hadi 13 ndipo meli zikaanza kufunga gatini zenyewe. Basi FTP yangu ilikuwa hivyo hivyo: faili tisa zimefika, ya kumi bando limekata, na seva imebaki nusu mpya nusu kuukuu. Halafu unakuta Python ya kule, lugha niliyoandikia programu, ni ya zamani kuliko yangu, maktaba fulani (vipande vya programu vya watu wengine ninavyovitegemea) haipo, na kitu kilichokwenda vizuri mezani kwangu Ngamiani kinagoma huko mbele bila hata kusema kwa nini.

Docker inaondoa ugonjwa huo. Unaiandikia faili fupi ya maelekezo, nayo inafungasha programu yako pamoja na Python yake, maktaba zake na vikorokoro vyake vyote ndani ya kontena. Kilichojaribiwa kwako ndicho kinachokwenda kuwaka kule. Neno lenyewe, docker, kwa Kiingereza ni kuli wa bandarini, na nembo yake ni nyangumi aliyebeba makontena mgongoni. Solomon Hykes alipoionyesha hadharani Machi 2013, kwenye mkutano wa watu wa Python huko Marekani, alichukua dakika chache tu. Sishangai. Wazo lilikuwa limekwisha fanya kazi baharini tangu 1956, pale meli ya Ideal X ya Malcom McLean ilipobeba makontena 58 kutoka Newark kwenda Houston. Kreni haiulizi kama ndani mna katani au mna friji. Inachojua ni pembe nne za sanduku.

Ila mtu asidhani kontena ni kompyuta nzima ndani ya kompyuta. Hapana. Makontena yote yanagawana kiini kimoja cha Linux, mfumo endeshi wa seva, kila moja likiwa na chumba chake. Ndiyo maana yanawaka kwa sekunde, na ndiyo maana seva yangu ya RAM GB 2 inabeba manne bila kuhema: programu yenyewe, hifadhidata ya Postgres, Caddy inayopokea wageni mlangoni na kushughulikia vyeti vya usalama bila mimi kukumbushwa, na kijidude kinachotuma ujumbe kwa wafugaji. Yote manne yameandikwa kwenye faili moja ya Compose, sehemu ya Docker inayowasha makontena mengi kwa pamoja, isiyozidi mistari arobaini. Naandika docker compose up -d, nakunywa kahawa funda moja, yamewaka.

Thamani ya faili hiyo niliijua siku ya kuhama. Niliyekuwa namkodi seva mwanzo, simtaji, alipandisha bei mara mbili ndani ya mwaka. Nikakodi kwingine Ulaya, nikaweka Docker, nikanakili faili ile, nikarudisha data, nikabadilisha anwani. Nilianza baada ya Alasiri, na adhana ya Magharibi ilinikuta nimemaliza. Enzi za FTP kuhama vile kuligharimu wiki, na bado kulikuwa na vitu nilivyovikumbuka mwezi uliofuata.

Sasa kisa cha saa, maana hiki sijakisoma popote.

Wiki ya pili tu baada ya kuingia kwenye makontena nikapigiwa simu na namba nisiyoijua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye wa ile mashine ya maziwa?"

"Ndiyo mimi, mama."

"Mimi nimefika kituoni kumi na mbili na robo, giza bado halijaisha vizuri, karani ameniona kwa macho yake. Mbona ujumbe wako unasema nimefika saa tatu na robo? Mnatafuta sababu ya kuyakataa maziwa yangu?"

Kituo kinafunga saa tatu. Anayekuja baada ya hapo anarudi na keni yake nyumbani, na mama yule alikwisha ona wenzake wakirudishwa. Nikafungua ujumbe wake. Umeandikwa: lita 11.5, 03:15.

Kontena, usipoliambia vingine, linaishi kwa saa za UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma yetu kwa saa tatu kamili. Sisi saa 06:15 za simu, lenyewe 03:15. Huko kwa wenzetu mtu akiona 03:15 kwenye risiti ya maziwa atajua papo hapo kuna kosa, nani anakamua usiku wa manane? Lakini Mswahili anasoma saa tatu na robo, na hiyo ni saa halali kabisa ya asubuhi. Kosa lilivaa kanzu likakaa barazani na watu. Wiki nzima wafugaji zaidi ya mia wamepokea ujumbe, na aliyeshtuka ni mama mmoja tu.

Nikaandika kwenye Compose kwamba saa iwe Africa/Dar_es_Salaam. Nikawasha upya. 03:15 ile ile. Nikafuta, nikaandika tena, nikakagua herufi, nikamlaumu kila mtu. Saa moja na nusu imekwenda ndipo nikagundua: msingi niliojengea kontena ni Alpine, Linux ndogo sana ya MB 5 hivi, na udogo wake umepatikana kwa kuacha vitu. Mojawapo ni jedwali la saa za dunia. Unalitajia Dar es Salaam, halijui Dar es Salaam iko wapi, nalo halisemi halijui. Linabaki na UTC yake kimya. Dawa ni mstari mmoja kwenye maelekezo: apk add --no-cache tzdata. Andika mahali.

Hata hivyo hapo nilikuwa nimetibu nusu. Sasa ujumbe ukasema 06:15, ambayo kwa mama yule ni saa sita na robo, jua la utosi. Ndipo nikaondoa saa sita nyingine na kuandika maneno: saa 12:15 asubuhi. Hilo la mwisho si kosa la chombo chochote, ni langu. Mimi mwenyewe nimezaliwa Makorora nikihesabu saa kwa jua, na nilipokaa mbele ya kompyuta nikasahau.

Tuje kwenye uzito, maana huku ndiko pesa zinakoondokea. Kontena kabla halijawashwa huitwa imeji, na imeji ya kwanza niliyoijenga, juu ya Python kamili, ilikuwa karibu GB 1. Nikaijenga nyumbani, nikaisukuma kwa bando la simu kupitia hotispoti. Bando likaisha nusu ya njia. Nikanunua jingine. Siku ya pili nikabadilisha mstari mmoja, nikashangaa inashusha maktaba zote upya kama vile haijawahi kuniona.

Sababu ni tabaka. Kila hatua ya maelekezo yako ni tabaka, yanapangwa kama mkate wa mchele kwenye sufuria, la chini likibadilika yote ya juu yake yanapikwa upya. Mimi nilikuwa nimeweka hatua ya kunakili programu yangu chini, na hatua ya kushusha maktaba juu yake. Kwa hiyo kila nilipogusa koma moja, maktaba zote zinashushwa tena. Nikageuza: kwanza orodha ya maktaba, kisha kuzishusha, mwisho kabisa ndiyo inanakiliwa programu. Tangu hapo badiliko dogo linajenga kwa sekunde chache, na kinachosukumwa ni tabaka lile la juu tu. Pamoja na kuhamia Alpine, imeji nzima leo ni MB 140 hivi.

Lakini kilichonipa pumzi hasa ni kuacha kujenga nyumbani kabisa. Sasa natumia GitHub Actions, huduma ya kujenga programu kwenye mashine za GitHub, ghala la mtandaoni la programu. Naandika kazi yangu, naisukuma kwa Git (chombo alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, na mpaka leo sijakipatia kasoro kubwa zaidi ya lugha yake ya kikatili), na kinachotoka kwangu ni maandishi, kilobaiti kadhaa. Mashine zao huko huko zinaendesha majaribio, zinajenga imeji, zinaiweka ghalani, kisha seva yangu inaivuta kwa kasi ya huko Ulaya. Bando langu linalipia nilichokiandika tu. Akaunti ya bure inapata dakika 2,000 kwa mwezi kwa kazi isiyo ya wazi kwa umma, na kujenga kwangu kunachukua dakika tatu. Hata nikiwa na mwezi mbaya sijawahi kufika nusu. Kama una laptopu ya kawaida na laini ya simu, na unasoma mapitio haya kwa jambo moja, lichukue hili na uniache hapa.

Kila imeji naipa lebo ya namba. Ile tabia ya kuita kila kitu "latest" niliiacha baada ya asubuhi moja toleo jipya kukataa lita zenye nukta. Karani anaandika 7.5, mfumo unasema si namba. Saa kumi na mbili na dakika ishirini, foleni ya baiskeli imefika barabarani. Nikaingia kwenye seva kwa simu nikiwa bado kitandani, nikabadilisha 0.26 kuwa 0.25, nikawasha. Sekunde kumi. Karani hakuniuliza nimefanya nini, alisema tu "imekubali dada" na kukata simu.

Docker inakupa kisu kikali, na kisu hakimjui mwenyewe. Kijana niliyekuwa namfundisha kazi alitaka kusafisha seva ya majaribio, akaandika docker compose down na akaongeza -v mwishoni, kama alivyoona mahali. Herufi ile moja inafuta na ghala za data zinazokaa nje ya makontena. Na dirisha alilokuwa amefungua halikuwa la majaribio. Alikuja mlangoni kwangu amesimama tu. "Dada, nadhani nimefuta." Nikamwambia kaa kwanza.

Nakala rudufu ilikuwapo, inachukuliwa kila saa nane usiku na kupelekwa mahali pengine kabisa, kwa hiyo tukarudi mpaka saa nane. Kilichopotea ni asubuhi ile: watu 41 wa kituo cha Pongwe peke yake. Nikampigia karani kwa aibu. Akacheka. "Mimi huwa naandika na kwenye daftari, dada. Mashine yako naipenda, lakini daftari haliniulizi mtandao." Akanitumia picha za kurasa tatu kwa simu, kijana akaziingiza moja moja, na mpaka Adhuhuri tulikuwa sawa. Siku hizi seva ya kazi ina dirisha la rangi nyekundu, na mwenye ufunguo ni mimi tu. Kosa la kumpa ufunguo lilikuwa langu, kwa hiyo sikumwondoa.

Mengine mawili nayataja haraka kwa sababu kila mtu anajikwaa hapo. Moja, Docker kwa kawaida yake haikati logi za makontena, yaani maandishi ya kila yanachofanya. Zinakua mpaka diski ijae, na diski ikijaa Postgres inasimama. Weka kikomo tangu siku ya kwanza, mimi nimeweka faili tatu za MB 10 kila moja. Pili, ukifungua mlango wa mtandao (port) wa kontena kwenye Compose, Docker inapanga yenyewe njia zake kwenye Linux, na ule ukuta wa ulinzi wa seva, ufw, uliouamini unarukwa. Nilidhani hifadhidata yangu imefungwa, kumbe iko barabarani. Funga mlango kwa 127.0.0.1, anwani ya seva yenyewe kwa ndani, au usiufungue kabisa. Makontena ya Compose moja yanaonana ndani kwa ndani bila hilo. Yote mawili yameandikwa kwenye maelezo yao. Sikuyasoma.

Kuna vijana wananiuliza kwa nini situmii Kubernetes, chombo cha kuongoza makontena kwenye seva nyingi. Neno hilo ni la Kigiriki, maana yake mshika usukani, na Google ndio walioitoa hadharani mwaka 2014 kutokana na uzoefu wao wa kuendesha makontena kwa wingi usiosemeka. Ni kazi safi. Seva moja ikifa, inahamishia makontena kwenye nyingine bila mtu kuamka. Lakini mimi nina seva moja. Ihamishie wapi? Nilijaribu wiki mbili nikatumia RAM nyingi kumlisha nahodha kuliko abiria. Nahodha wa meli hapandi ngalawa ya watu watatu akaanza kutoa amri. Siku vituo vikifika thelathini tutazungumza.

Na kuna mambo ambayo hata ungekuwa na makontena elfu hayakusaidii. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini zilikatika na intaneti ya nchi nzima ikawa ya kubahatisha. Seva yangu Ulaya ilikuwa nzima kabisa, inawaka, ina afya, haifikiki. Kilichotuokoa ni kwamba programu ya simu ya karani inahifadhi ndani ya simu kwanza na kutuma mtandao ukirudi. Kama nilikuwa na saa za kuchezea wakati wa kujenga, zilipaswa kwenda huko kabla ya kwenda kwenye Docker. Umbali nao upo siku zote: kutoka Tanga kwenda na kurudi ni kama milisekunde 180. Karani haoni, ila mtu anayejenga kitu cha mchezo wa moja kwa moja ataona.

Umbali una na upande wa sheria. Majina na namba za simu za wafugaji ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inamtaka mkusanyaji ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na ina masharti ya kupeleka taarifa nje ya nchi. Ushirika wangu ulishughulikia karatasi zake, mimi nikapunguza ninachotunza. Siku hizi namba ya kitambulisho haiingii kwenye mfumo kabisa. Wenzangu wengi wa hapa mjini nikiwagusia hili wanaagiza chai.

Bei. Docker yenyewe kwenye Linux ni bure, chanzo kiko wazi. Docker Desktop ya Windows na Mac ina leseni: tangu 2021 kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 250 au mapato ya zaidi ya dola milioni 10 kwa mwaka inalipia. Ng'ombe wote wa Muheza hawanifikishi huko. Sababu iliyonitoa kwenye Desktop ni nyingine: laptopu yangu ina RAM GB 8, na Windows, WSL 2 (Linux inayokaa ndani ya Windows) na Docker wakikaa meza moja hakibaki chakula cha mtu wa nne. Niliweka Ubuntu, feni ikanyamaza. Seva nalipa dola 7 kwa mwezi, bando langu la kazi limeshuka karibu nusu tangu niache kusukuma imeji kutoka nyumbani.

Kwa kazi ndogo kama yangu naipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa ule ukimya wake. Chombo kinachojua kwamba hakina jedwali la saa, au kwamba diski imebaki MB 50, kingeweza kusema hata kwa sauti ndogo.

Yule mama bado anapiga simu mara moja moja. Wiki iliyopita alitaka kujua kama ujumbe unaweza kumwonyesha jumla ya wiki, asihesabu kwa vidole mpaka Ijumaa. Nimeshaiandika, iko kwenye 0.32, majaribio yamepita. Nitaipandisha Jumatatu saa nne, keni zikishaoshwa.